Barua kwa Mwanangu Anayehamia Ofisini

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, ingawa habari zenyewe nilikwisha kuzipata kwa shemeji yako sokoni Chake Chake, na hilo tutalizungumza ukija. Kuitwa Unguja kuishauri Serikali juu ya kipindupindu ni heshima kubwa, wala sitajifanya kuwa sikufurahi. Mama yako amewaeleza majirani hadi wamechoka.

Linaloninyima usingizi ni moja: ukishakaa kwenye kiti cha mikutano, ni nani atakayekwenda kuchota maji ya kupimwa visimani?

Umenitajia Rita Colwell, kwamba aliongoza Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani kuanzia 1998 hadi 2004, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, na bado akabaki mwanasayansi. Ni kweli, lakini tazama alichoingia nacho ofisini. Alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba bakteria wa kipindupindu huishi wenyewe katika maji ya ghuba na midomo ya mito, wakijishikiza kwenye viumbe vidogo mno vya majini, na kwamba hali ikiwa mbaya hujificha wakiwa hai, wasiote kwenye sahani ya maabara. Wengi walimkatalia, kwa kuwa walizoea kuamini kinachoota tu. Na hata akiwa mkurugenzi hakuacha utafiti wake wa huko Bangladesh: mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha utafiti kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu, iliyokunjwa walau mara nne, vilipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Wanawake walifundishwa kuchuja majumbani mwao, kwa nguo waliyokuwa nayo tayari. Mimi niliyefundisha sayansi maisha yangu yote nauhesabu huo kuwa ualimu hasa.

Hata hivyo, asije mtu kwenye kamati yenu akasema kanga zinatosha, mabomba yasubiri. Kitambaa hunasa bakteria waliojishikiza. Walio huru majini hupita. Hilo atalisema nani kama si wewe?

Mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu ulianza 2018 na ukomo wake ni 2027. Mwaka wa mwisho ukikaribia, hakosekani mtu wa kutaka takwimu za kupendeza, na atataka sahihi yako chini yake kwa sababu una jina la udaktari. Usitie sahihi juu ya maji ambayo hukuyapima, au hukumwona aliyeyapima. Najua utaniona mzee wa kurudiarudia maneno, lakini nakuuliza tena: siku ngapi katika mwezi utakuwa maabara? Liandikwe kwenye mkataba kabla hujaupokea, maana ahadi ya mdomo husahaulika mvua za masika zikianza na kila mtu akiitwa mkutanoni.

Karafuu za mwaka huu ni haba, kwa hiyo paa la jikoni litangoja. Mdogo wako anataka kusoma biashara, nami sitamlazimisha sayansi. Wewe nilikusukuma vya kutosha. Kisima cha uani tumekijengea mfuniko wa zege, ila choo cha jirani kiko karibu mno, na sampuli uliyoichukua mwaka jana hujatupa majibu yake hadi leo. Ukija, njoo na chupa safi za kuchukulia nyingine, pamoja na vidonge vya presha vya mama yako.

Baba yako