Huyo Jahm mnamjua?

Ndugu Mhariri,

Ijumaa iliyopita, baada ya isha, kijana mmoja aliniita Jahmiya, yaani mfuasi wa Jahm bin Safwan, mwanaitikadi wa kale. Tulikuwa barazani, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, nami nilikuwa nimesema tu nilichofundishwa utotoni: kwamba Mwenyezi Mungu hahitaji mahali. Kijana akaweka kikombe chini, "Basi wewe Jahmiya," akanyanyuka akaenda zake. Wiki hii nimelikuta neno lile lile katika safu ya dini ya gazeti lako, wamerushiwa masheikh wetu wa Pwani kwa jumla. Ndipo nikashika kalamu.

Simtetei Jahm bin Safwan. Alidai mwanadamu hana hiari yoyote: tunasema fulani katenda kama tunavyosema jua limezama, na jua halikuamua kuzama. Alidai pia kwamba Pepo na Moto vyote vitakwisha, na kwamba imani ni kumjua Mungu tu. Siyakubali hayo, wala sijapata kumsikia sheikh wa Tanga au wa Lamu akiyafundisha.

Lakini anayetukanwa kwa jina la mtu walau amjue mtu mwenyewe. Jahm alikuwa katibu wa al-Harith bin Surayj, aliyewaasi makhalifa wa Banu Umayya huko Khurasan, mashariki ya Uajemi, mwaka 734. Moja ya machungu ya watu wa kule ni kwamba waliosilimu waliendelea kutozwa jizya, kodi ya wasio Waislamu, kana kwamba shahada yao haikusikika. Jahm ndiye aliyesoma waraka wa al-Harith mbele ya watu mjini Marw. Pande mbili zilipokubali kuweka waamuzi, yeye alikuwa mmoja wao, na uamuzi ukawa kwamba gavana Nasr bin Sayyar aondoke, uongozi uamuliwe kwa shura, yaani kwa mashauriano. Nasr akakataa. Mwaka 128 Hijria (yapata 746 Miladia) Jahm akakamatwa, akauawa. Kwa maoni yangu, shingo yake ilikatwa kwa siasa kabla ya itikadi, ingawa wahubiri wetu hiki hawakitaji.

Kuna jambo jingine. Hakuna kitabu chake hata kimoja kilichobaki. Tunayoyajua, karibu yote, tumeyapata kwa waliomkanusha. Katika kitabu cha kuwarudi Jahmiya kinachonasibishwa kwa Imam Ahmad bin Hanbal, tunaambiwa alijadiliana na watu wa Sumaniya, ambao wengi huwadhania kuwa Wabuddha. Wakamuuliza: huyo Mungu wako umemwona? Umemsikia? Umemnusa? Akababaika siku 40, hajui anamwabudu nani. Kisha akawarudia: je, nyinyi mna roho? Mmeiona? Hadithi hiyo imeandikwa ili kumuumbua, nami kila nikiisoma namwonea huruma.

Jina lake lilipanuka baada ya kufa kwake. Muutazila, kundi la wanaitikadi waliotegemea sana akili, waliamini hiari ya mwanadamu, kinyume kabisa na yeye, lakini wakaitwa Jahmiya kwa sababu walikubaliana naye kwamba Qurani imeumbwa. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun akaanza kuwalazimisha maulamaa wakiri hivyo, na chini ya al-Mu'tasim Imam Ahmad akachapwa mijeledi. Baada ya hapo nani angelisikia jina hilo kwa moyo mtulivu? Karne kadhaa mbele, Ibn Taymiyya (alifariki 1328) akaandika kitabu kikubwa kumjibu Fakhr al-Din al-Razi, ambaye ni Ashaira, wa madhehebu ya itikadi tunayoyafuata sisi, na neno Jahmiya likiwa kwenye jina la kitabu chenyewe. Huko ndiko lilikotoka hadi likafika barazani kwetu.

Sasa nakuomba, Mhariri, umpeleke mwandishi wako chuoni kwetu siku yoyote baada ya alasiri. Atawakuta watoto wameketi mkekani wakiimba sifa 20: wujudi (kuwapo), qidam (kutokuwa na mwanzo), baqaa (kutokuwa na mwisho), na kuendelea hadi ya 20. Jahm analaumiwa kwa kuzikanusha sifa za Mwenyezi Mungu. Sisi tulichapwa bakora kwa kuzisahau!

Akitaka kutukosoa, atuite Ashaira, atupige hoja kwenye taawili, yaani kuzifasiri aya za sifa kwa maana isiyo ya dhahiri. Pale pana maneno, na tutamjibu aya kwa aya.

Na yule kijana, kama analisoma gazeti hili: kahawa yako nimeshailipia.

Mwalimu wa chuo,
Tanga