KUH: Oveni ya wati 3,000 isiyofikisha hata 1,800, na dharau niliyotendewa kaunta

Kwa Meneja,

Salamu. Habari za waranti ya mwaka mmoja sitazirudia, mliiandika wenyewe na mnaijua. Nakuandikia kuhusu Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, kwenye kaunta ya mafundi katika duka lenu la Luthuli Avenue.

Nilimkabidhi mhudumu wenu karatasi ya vipimo. Hakuisoma kama mtu anayetafuta kosa. Aliigeukia foleni, akaisoma kwa sauti ya kuigiza, "Omu thelathini na mbili!" Watu wakacheka. Kisha akaniambia, "Mathe, hii si klasi. Shida ni stima ya kwenu." Akavuta risiti yangu, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: MTEJA HAJUI KUTUMIA.

Kwa heshima, bwana Meneja, wewe soma alichokataa kusoma.

Kibandiko nyuma ya oveni kinasema volti 240, wati 3,000. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 12.5. Gawanya volti 240 kwa ampea hizo, unapata ukinzani, yaani kiasi ambacho waya unazuia umeme, wa omu 19.2. Koili, ule waya unaotoa moto, ya oveni niliyolipia shilingi 38,500 inapaswa kuwa hivyo, si zaidi.

Alhamisi fundi wa stima alikuja kwangu Umoja. Oveni ilikuwa imewaka, taa nyekundu ya themostati, kidhibiti joto, imewaka, yaani koili ilikuwa inavuta umeme. Alipima soketi ya pembeni: volti 238. Akafungua plagi, akatenga waya mmoja na kuubana kwa mita ya kupimia mkondo. Alinieleza kwamba ukibana nyaya zote mbili pamoja, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana na mita husoma sufuri. Ilisoma ampea 7.4. Tulisubiri, tukapima tena, 7.4. Zidisha 238 kwa 7.4: wati 1,761. Gawanya 238 kwa 7.4: omu 32. Omu 32 kwenye volti 240 ni wati 1,800. Mmeniuzia koili ya wati 1,800 ndani ya sanduku lililoandikwa 3,000.

Najua waya wa koili ukipata moto ukinzani wake hupanda kidogo. Haupandi kutoka 19 hadi 32.

Na hiyo "stima ya kwenu"? Koili ya omu 19.2 ikivuta ampea 7.4 pekee, basi volti kwangu zingekuwa 142. Kwa volti 142 taa zangu zingekuwa hoi na friji isingeanza. Friji yangu inagandisha barafu. Mhudumu wenu angezidisha mara moja tu kwenye simu yake angeliona hilo, lakini alikuwa anachekesha watu.

Mimi naoka keki za kuuza. Keki ya kilo moja niliyokuwa nikiitoa kwa dakika 50 kwenye oveni ya zamani, hii yenu inaikalisha saa moja na nusu na bado katikati inazama. Nilirudisha pesa ya keki ya harusi. Tokeni nazo zinakwisha vilevile, kwa sababu moto mdogo unaokaa muda mrefu unaishia kupasha jikoni. Hayo yote yalitokea kabla ya Jumamosi, na nilikuwa nimeyameza. Nilikuja nikiwa na subira.

Lakini nirudi kwenye kaunta, maana sijamaliza. Sikuwa peke yangu. Kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa amesimama kando yangu na sare ya shule, ametoka masomo ya Jumamosi. Hesabu zile alizipiga yeye, kwa kalamu ya buluu, na chini ya kila jibu akapiga mstari kwa rula. Mhudumu wenu alipoiinua karatasi ile juu na kuigiza sauti, mwanangu alitazama viatu vyake. Foleni ikacheka. "Mathe, hii si klasi." Mtoto alikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho, na mtu mzima mwenye beji ya kampuni yenu akamfundisha kwamba kuwa sahihi ni aibu. Kisha akaikunja karatasi na kuitupa chini ya kaunta. Hata leo sijairudishiwa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimekusudia kuomba koili ya omu 19.2 tu. Sasa sitaki koili. Nataka shilingi zangu 38,500 zote, pamoja na gharama ya kuileta oveni dukani. Nataka pia mhudumu yule aombe radhi kaunta hapohapo, mwanangu akiwepo. Ninawapa siku saba. Zikipita, oveni nitaipeleka Shirika la Viwango la Kenya wapime kibandiko chenu wenyewe, na dai nitalifungua Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, ambako sihitaji wakili. Fundi amekubali kuja na mita zake. Risiti yenye wino mwekundu itakuwa kielelezo cha kwanza.

Na karatasi ile itafuteni. Naitaka, ina mwandiko wa mwanangu.

Wenu mteja,
Mama Baraka, Umoja