Mohamed Atalla atajwe darasani

Mhariri,

Simu zinazofunguliwa kila siku kwenye vibanda vya mafundi wa simu vya Luthuli Avenue zimebeba kazi ya Mwafrika, lakini wanafunzi wangu hapa Nairobi hawamjui. Inaniuma.

Mohamed Atalla alizaliwa Port Said, Misri, akasoma Kairo kabla ya kwenda Marekani. Akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya huko, alikabili tatizo lililowatesa watafiti kwa miaka: elektroni zilinaswa kwenye uso wa silikoni, malighafi ya chipu, na nguvu ya umeme kutoka nje ikashindwa kupenya. Aliipasha silikoni joto kali penye oksijeni, ikaota utando mwembamba wa oksidi, uso ukatulia. Mwaka 1959, yeye na mtafiti mwenzake Dawon Kahng wakaunda transista, yaani swichi ndogo ya umeme, inayofunguliwa na kufungwa kwa volti juu ya utando huo. Leo chipu moja ya simu ina mabilioni ya transista za aina hiyo.

Tunapofundisha elektroniki kidato cha nne, tunachora dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na kusonga mbele. Naomba watunzi wa vitabu vya fizikia wampe Atalla japo ukurasa mmoja, pamoja na mchoro wa transista yake.

Mwalimu wa fizikia,
Eastlands, Nairobi