Helikopta za kijeshi zishindanishwe angani na karakanani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu helikopta mpya za Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Tangu Desemba 2022, Bell ilipopewa kazi ya kutengeneza helikopta itakayochukua nafasi ya Black Hawk, wengi wamekuwa wakibishana kama kampuni hiyo ilistahili kuishinda Sikorsky na mshirika wake Boeing. Mimi nimekuwa fundi wa helikopta kwa miaka mingi, na kinachonisumbua ni namna yenyewe ya kushindanisha, ambapo mshindi hutangazwa kabla chombo atakachokabidhi hakijarushwa wala kufunguliwa na watu watakaoishi nacho.

Black Hawk yenyewe haikupatikana hivyo. Mwaka 1976 Sikorsky na Boeing Vertol zilitakiwa kuwakabidhi wanajeshi helikopta zao za mfano, wazirushe na kuzihudumia kwa mikono yao. Usiku mmoja wa Agosti, huko Fort Campbell, kambi ya jeshi hilo, helikopta ya Sikorsky iliyokuwa imebeba askari ililazimika kutua ndani ya msitu wa misonobari, mapanga yake, yaani mabawa yanayozunguka juu, yakifyeka miti huku ikishuka. Hakuna aliyeumia vibaya. Mafundi waliikagua, wakabadilisha mapanga, na helikopta ikaruka kutoka humo humo msituni. Hapo wanajeshi walijua jambo ambalo pendekezo la maandishi, hata liwe na kurasa elfu ngapi, lisingeweza kuwahakikishia. Kuruka ndiko pia kulikoonyesha kasoro: rafadha kuu, yaani mfumo mzima wa mapanga hayo, ilikuwa imewekwa chini mno ili helikopta iingie ndani ya ndege ya mizigo, nayo ikaleta mtetemo mkubwa hadi wahandisi wakalazimika kuinyanyua.

Safari hii helikopta mbili zilijengwa na kuruka kweli, V-280 ya Bell mwaka 2017 na SB-1 ya Sikorsky na Boeing mwaka 2019, na ile ya Bell ilipita kilomita 500 kwa saa, kasi ambayo Black Hawk haiikaribii. Hata hivyo, hivyo vilikuwa vyombo vya kuthibitisha teknolojia, na uamuzi wa mwisho ulitokana na mapendekezo yaliyoandikwa. Sikorsky ilipokata rufaa, Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayosikiliza malalamiko ya zabuni, iliikataa Aprili 2023, ingawa bei yake ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu haikueleza kwa undani wa kutosha mpangilio wa mifumo ya helikopta yake. Sioni kosa katika uamuzi huo. Jeshi lina haki ya kujua mapema kama litaweza kubadilisha kompyuta au programu bila kumpigia magoti mtengenezaji kwa miaka arobaini. Ninachosema ni kwamba maelezo hayo yalipaswa kuwa mlango wa kuingilia kwenye majaribio ya kijeshi, halafu mshindi akapatikana huko.

Nakumbuka helikopta moja tuliyokuwa tukiihudumia, ambayo sili ya giaboksi ya mkia ilianza kuvuja. Sili, kizibo cha kuzuia mafuta yasivuje, ni kitu cha kushika kwa vidole viwili, na kuibadilisha ilitakiwa iwe kazi ya saa moja. Lakini boliti ya mwisho ilikuwa imejificha nyuma ya bomba la haidroliki, spana haikufika, ikatubidi tufungue bomba, tumwage mafuta, tutoe boliti, kisha turudishe kila kitu na kupima upya. Siku nzima ikaishia hapo, na helikopta ikalala chini. Ninaamini mchoraji aliiona boliti ile kutoka upande usio na bomba. Fundi mmoja tu angepewa helikopta ya mfano kwa wiki moja, kasoro hiyo ingejulikana kabla haijazaliwa mara mia.

Shindano la pili, la helikopta ya upelelezi, lilikuwa na masikitiko zaidi. Bell na Sikorsky zilijenga kila moja helikopta yake, zikakaa zikisubiri injini mpya iliyochelewa, na Februari 2024 jeshi likafuta mpango wote baada ya kutumia takriban dola bilioni 2, likitaja mafunzo ya vita vya Ukraine na nafasi ya droni. Huenda hoja ya droni ni sahihi. Lakini hakuna helikopta hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa imeruka, kwa hiyo fedha hizo hazikununua hata jibu la nani alikuwa bora. Ilikuwa miaka 20 kamili tangu Comanche, helikopta nyingine ya upelelezi, ifutwe vivyo hivyo, ingawa hiyo angalau iliruka. Chombo kinachoshindaniwa kisifungwe kwenye injini ambayo bado haijakamilika.

Kwa helikopta ya Bell muda bado upo. Ina rafadha mbili kwenye ncha za bawa, zinazoelekea juu wakati wa kupaa na mbele wakati wa kusafiri; injini zake hubaki zimelala huku rafadha zikibadili mwelekeo, na shafti inayopita ndani ya bawa huziwezesha rafadha zote mbili kuzungushwa na injini moja ikiwa nyingine imezimika. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na ninaiheshimu. Basi, kabla ya uzalishaji mkubwa kuanza, zipelekwe chache kwenye kikosi cha kawaida, zihudumiwe usiku, kwenye vumbi, na mafundi vijana wenye glavu na tochi, na yale watakayoyaandika kwenye vitabu vyao vya matengenezo yawe na nguvu ya kusimamisha mkataba.

Wako,
Fundi mstaafu wa helikopta