Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania: chokaa kwenye maganda ya nyaya

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tunakuandikia kuhusu ganda la PVC, yaani plastiki inayofunika nyaya za umeme za majumbani. Tunaomba cheti cha kustahimili moto kifungamane na mchanganyiko wenyewe. Mchanganyiko ukibadilika, waya upimwe upya.

PVC ngumu ina karibu 57% ya klorini kwa uzito, ndiyo maana huzimika yenyewe moto ukiondolewa. Lakini waya sharti upindike, hivyo kila kilo 100 za resini (PVC ghafi) huongezewa takriban kilo 50 za kilainishi, kinachoifanya plastiki iwe laini, na vilainishi vya kawaida huwaka. Kinga iliyopungua hurudishwa kwa kilo 3 hadi 5 za trioksidi ya antimoni, unga wa kuzuia moto. Peke yake antimoni haifui dafu. PVC ikipata joto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na antimoni huzaa kloridi za antimoni, ambazo hupanda na kuudhoofisha mwali humo humo unamowaka. Haidroksidi ya alumini, kilo 20 hadi 40, husaidia kwa njia nyingine: kuanzia nyuzijoto 200 za Selsiasi hivi hutoa maji na kunyonya joto. Joto hilo likifikiwa mashineni wakati wa kuvika waya, ganda hujaa vipovu.

Penye hatari ni unga wa chokaa, yaani kalisiamu kabonati. Ni wa bei nafuu, na kwa kiasi hauna ubaya. Ila chokaa huinasa haidrojeni kloridi kabla haijaifikia antimoni. Anayepandisha chokaa kutoka kilo 20 hadi 80 atabaki na fomula inayosomeka "antimoni kilo 4", huku antimoni hiyo ikikosa klorini ya kufanyia kazi. Boreti ya zinki nayo hupunguza moshi, lakini ikizidi, PVC huanza kuungua na kuwa nyeusi mashineni.

Sampuli zichukuliwe madukani, kwenye roli zinazouzwa. Jaribio la moto la kiwango cha kimataifa IEC 60332-1-2 halichukui muda: kipande cha milimita 600 kisimamishwe wima, kipigwe mwali wa kilowati 1 kwa sekunde 60 ikiwa kipenyo hakizidi milimita 25. Waya mmoja kufaulu si uthibitisho kwamba fungu la nyaya litafaulu. Fungu lina jaribio lake, IEC 60332-3, nalo lidaiwe kwa nyaya za majengo ya ghorofa. Tena kila shehena ya ganda, bila waya, ipimwe kwa kiwango cha kimataifa ISO 4589-2 kiasi cha chini cha oksijeni kinachohitajika ili liendelee kuwaka, kwa sababu shaba nene hufyonza joto na kuficha ganda bovu.

Wachanganyaji wa malighafi za plastiki