Wenye watoto wakae nje kidogo

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Najua umenuna na una haki yako, miezi mitatu sijakuandikia chochote zaidi ya vile vipicha vya asubuhi njema. Sisi wazima alhamdulillahi, pacha mmoja kang'oka jino juzi, kadogo kameanza kutembea na kashavunja bilauri mbili, baba yao yuko Malindi na kazi za watu. Mamako nimemuona Jumapili, anakusalimu sana, anasema usitume tena yale maziwa makopo makubwa, tuma pesa tu. Ya shemeji yako nitakueleza kwa simu, hayaandikiki yale.

Kilichonifanya nikuandikie leo ni kile kikao cha Jumatano, na wallahi tangu Jumatano silali vizuri.

Walikuja watu wa kaunti kuchukua maoni ya wananchi kuhusu huduma za watoto na familia, ule mpango wa maendeleo wa mwaka ambao kila mwaka tunasikia umepita na hatujui ulipitia wapi. Tangazo lilibandikwa ukutani pale zahanati Jumatatu jioni, kikao Jumatano saa tatu asubuhi. Saa tatu! Saa hiyo yule wa mahamri ndio anahesabu chenji, wanaokwenda kufulia watu ng'ambo wameshavuka ferri tangu alfajiri, mimi nilifunga kibanda, na wenye kibanda wasiokuwa na mtu wa kuwashikia wateja hawakuja. Sasa mtu unataka maoni ya wazazi, unachagua saa ambayo wazazi wote wako kazini, kwani ingekuwaje kikawa Jumapili alasiri?

Basi tukakaa. Kabla hawajafungua mdomo ikazungushwa karatasi ya kutia sahihi, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mzee wa mtaa anatuhimiza tutie haraka haraka. Nikauliza natia sahihi ya nini na sijasema neno bado, nikaambiwa ni mahudhurio tu mama. Nimetia. Lakini hayo mahudhurio ndiyo kesho yatakayobandikwa nyuma ya ripoti kuonyesha kuwa watu wa Likoni walishirikishwa. Na kitabu chenyewe cha huo mpango kimeandikwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, kinene kama vile vitabu vya simu vya zamani, nakala mbili kwa ukumbi mzima. Yule kijana wa basari ndiye aliyekuwa akitutafsiria, na alijitahidi masikini, lakini akifika kwenye jedwali la pesa anaruka.

Saa nzima ilikwenda kwa mitaro na taa za barabarani. Sisemi mitaro si muhimu, wewe unajua mvua ikinyesha kwenu kunavyokuwa. Saa tano kasorobo ndio wakafika ukurasa wa watoto. Na hapo hapo kitoto cha yule msichana wa nyumba ya kona, yule aliyejifungua Ramadhani, kikaanza kulia. Bwana aliyeshika maiki akasema, kwa upole kabisa, "Wenye watoto wakae nje kidogo tusikizane."

Wakainuka wanne. Wamama tulikuwa kumi na mmoja, na hao wanne wenye watoto mapajani wakatoka wakasimama chini ya mwarobaini, huku ndani sisi tunaendelea kuzungumza habari za watoto. Niliwaona kwa dirishani, yule wa kona amenyanyua shingo anajaribu kusikia, anambembeleza mtoto kwa mguu mmoja na mwingine. Mimi nilibaki ndani kwa sababu kadogo nilikaacha kwa mamako. Kwa hilo tu, shoga. Nisingekuwa na pa kukaacha ningekuwa pale mwarobaini.

Ukurasa wenyewe unasema madarasa mawili ya chekechea, vyoo, na tangi la maji. Mazuri, nimeyaunga mkono. Lakini PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mtoto anaingia na miaka minne. Kabla ya hapo yuko wapi? Mwenye kazi ya kuandikwa sheria inampa miezi mitatu ya uzazi, sisi wa vibanda na wa kufua hatuna hata hiyo, wiki ya tatu uko barabarani. Kuanzia hapo mpaka miaka minne mtoto yuko beibikea, kwa mama wa kulipwa kumwangalia kutwa, au yuko kwa bibi.

Unaikumbuka ile beibikea ya nyuma ya kinu cha unga? Niliingia wiki iliyopita kumpelekea mwenyewe sabuni. Chumba kimoja cha mabati, dirisha hakuna, mlangoni pamewekwa ubao wasitoke. Nilihesabu watoto kumi na saba, na wa kuwaangalia ni yeye na binti yake. Chupa za uji zimepangwa juu ya meza, kila chupa imefungwa uzi shingoni, mwekundu, wa kijani, mweupe, wa buluu, maana chupa zote ni zile zile za dukani na yeye hakusoma. Nikamuuliza wa uzi mwekundu ni nani, akaninyooshea kidole bila hata kugeuka, na wa kijani akaniambia huyu usimpe uji wa moto ana kidonda mdomoni. Shilingi 50 kwa mtoto kwa siku, na nusu yao wanakopa. Mimi simlaumu hata chembe, bila yeye nusu ya wamama wa mtaa huu wasingekula. Lakini Mungu apishe mbali, siku moto ukishika pale, na mlango ule mmoja, na ule ubao... basi, wacha.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Nilisimama, miguu inatetemeka, nikasema tunataka pahali pa watoto wa chini ya miaka minne, pawe na dirisha na maji, pafunguliwe saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wa ferri hawangoji saa mbili, na huyu mama wa nyuzi apewe mafunzo na leseni badala ya kufungiwa. Yule bwana akanijibu, "Mama, mambo ya kulea ni ya familia, sisi huku ni chekechea." Wanaume wa nyuma wakacheka. Nikakaa.

Ndio akainuka Mwalimu. Yule yule wetu, wa fimbo na peremende, siku hizi anatembelea mkongojo. Akatoa simu, akavaa miwani pole pole mpaka watu wakanyamaza, akasoma Katiba, Jedwali la Nne, kwenye kazi za kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani, na vituo vya kulea watoto. Akairudia hiyo ya mwisho mara mbili. Imeandikwa tangu 2010, shoga, sisi tulikuwa tumeolewa juzi, na miaka yote hii tunaambiwa ni mambo ya familia. Nilitaka kumbusu mkono. Bwana wa maiki akasema sawa, tutaandika, nikaona kalamu inakwenda. Alichoandika sikukiona.

Sasa ndio nakuomba. Maoni ya maandishi wanapokea mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu mpango lazima ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, tukichelewa ni mpaka mwakani. Na hata wakikubali, pesa zake ni za mwaka wa fedha unaoanza Julai ijayo, kwa hiyo usidhani ni kesho. Sauti yangu peke yangu wataipita. Nataka barua ishirini, nimeshapata tisa, wale wa mwarobaini wote wanne nimewaandikia kwa mkono wangu wakanitajia maneno yao. Na nataka ya kwako, uiseme wewe, mzazi aliyetoka nje ya nchi kutafuta akamwacha mtoto kwa bibi. Rekodi sauti tu ukipata nafasi, kwa Kiswahili, nitaandika na mamako atatia sahihi kama mlezi, kitambulisho chake anacho.

Na hili sikutaka kukwambia lakini ukilisikia kwa mwingine utanilaumu. Ule mguu wa mamako umeshuka uvimbe, ila haujapona. Mwanao siku hizi anakimbia, mlango ukiachwa wazi yuko barabarani kwenye bodaboda, na mamako anamfuata akishika ukuta. Jumatano nilipomwachia na changu nilimkuta nikirudi amekaa chini mlangoni, amenyoosha mguu kuziba njia, watoto wote wawili ndani wanacheza na sufuria. Akaniambia, "Wako salama." Nilikwenda kulia chooni. Beibikea yetu wewe na mimi ni yule mama, na umri wake unaujua.

Usije ukaacha kazi kwa maneno yangu haya, kwanza nisikilize. Nimezungumza na yule dada mhudumu wa afya, atapita Jumamosi kumtazama mguu na kuangalia kadi ya chanjo ya mwanao, nimeiona chini ya godoro.

Hiyo sauti utanitumia lini, Ijumaa hii una ofu au wamekunyima tena? Wewe ungependa pawe na nini hasa kwenye hicho kituo, nikuandikie nini cha kwanza? Huko Doha ukiwa na watoto wa watu kutwa nzima, umeona wana vitu gani vya kulalia watoto, vya kuchezea, ambavyo sisi tunaweza kushona au kuchonga wenyewe? Yule mwenzako wa Ukunda naye aliacha mtoto, ataweza kusema na yeye? Na mamako nimwambie nimekwambia, au ninyamaze mpaka umpigie mwenyewe?

Wako,
Mama Pacha