Kamera mnayo, mbona mgonjwa ananyimwa hata maji?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mdogo wangu anabeba magunia ya viazi hapa Uyole, mgongo ukimuuma anapita duka la dawa anachukua diklofenaki anameza tumbo tupu, miezi na miezi, mpaka usiku mmoja tumbo likakaza kama ubao tukamkimbiza hospitali (jina silitaji), wakasema kidonda cha tumbo kimetoboka. Wakamfanyia operesheni ya matundu madogo, ile ya kamera, asubuhi tunaona viplasta vinne tu, tukashukuru Mungu.

Kilichoniudhi ni baada ya hapo. Matundu madogo lakini kalazwa kama kafumuliwa tumbo zima, mpira puani, mpira wa mkojo, dripu, siku ya 5 hajagusa hata maji, midomo imepasuka na hii baridi ya Julai, na kila anayepita kitandani swali ni moja, "umejamba?", eti ndo wajue utumbo umeamka. Shemeji kila asubuhi yuko mlangoni na hotipoti la uji, anarudi nalo. Na sisi ndugu tusijitoe, maana mama ndo alikuwa anamkandamiza alale, "usiinuke baba, nyuzi zitaachia."

Binamu yangu ni nesi mkoa mwingine, akacheka. Anasema tangu miaka ya 1990 daktari mmoja wa Denmark, Henrik Kehlet, alianza kuhoji haya mambo kwa wagonjwa wa utumbo mpana, kwamba kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni, nimonia na misuli kuisha. Sasa hivi kwa operesheni ya kupangwa mtu anaruhusiwa maji hadi yabaki masaa 2 kabla ya kuingia. Kwa aliyetoboka ni dharura, hilo la kabla halipo, na aliyefika hoi presha imeshuka huwezi kumharakisha, hapo namwelewa daktari. Lakini aliyewahi na yuko vizuri mipira inatolewa mapema, anaanza na maji kidogo kidogo, kesho yake anashushwa kitandani, maumivu yanatulizwa na panadoli na dawa nyingine ili asitegemee sana zile za jamii ya mofini, maana zinalaza utumbo, halafu mnamuuliza kama kajamba!

Sasa niambieni, hapo kuna mashine gani ya kuagiza nje? Kiti cha kukalia, kikombe cha maji na nesi wa kumwambia mama mwache atembee. Najua manesi ni wachache wodini, ila sisi ndugu tupo, tuelekezeni tutamshika mkono mpaka mwisho wa korido na kurudi.

Na wakati wa kutoka alipewa karatasi tu. Hakuna aliyemwambia habari za hizo dawa za mgongo kuchimba tumbo wala kupima wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Juzi nimefua suruali yake ya kazi, mfukoni nikakuta diklofenaki, karatasi imebaki vidonge 3.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya